Zamu ya Kinyozi

Kadogo aliusukuma mlango wa duka kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa inashikilia mtandio kichwani. Mvua ilimkuta njia panda, ikamwogesha bila kumwomba ruhusa. Aliingia, akasimama juu ya gunia la kufutia miguu, maji yakimchuruzika hadi kwenye visigino, akamtazama mumewe.

Kinyozi alikuwa na mteja, na mteja mwenyewe alikuwa bwana harusi, tena si wa wiki ijayo, wa alasiri ya siku ile ile. Suti yake ilining'inia msumarini ndani ya mfuko wa nailoni. Yeye alikuwa amefungwa shuka jeupe shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umeshachongwa vizuri, upande wa kulia nywele zimesimama vile vile alivyoamka nazo.

Kinyozi alimwona mkewe kiooni kabla ya kugeuka. Macho yao yakakutana humo humo. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kama wanaoishi mtaa ule wanavyojua. Siku ya kwanza Kadogo alileta mashuka ya kunyolea aliyoyashona kwa cherehani yake, Kinyozi akamwangalia kiooni, akaendelea kumwangalia, na mzee wa watu aliyekuwa kitini akaondoka na unyusi mmoja. Mpaka leo mzee yule ananyolewa bure.

"Umelowa," Kinyozi alisema. Sauti ile ilikuwa na kawaida ya kumlainisha Kadogo. Leo haikumlainisha.

"Nataka tutoke. Sasa hivi."

"Na mvua hii? Twende wapi?"

"Kwa wifi."

Mashine ilisita kidogo juu ya kisogo cha Bwana Harusi, halafu ikaendelea. "Kuna nini kwa dada?"

Kadogo alimtazama tu, na Kinyozi akakumbuka kuna nini. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Ngoja nimalizie huyu," alisema.

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Mashine ilizimika ikiwa imefika utosini, taa iliyo juu ya kioo ikafa, na kwa mara ya kwanza wote watatu wakasikia mvua inavyoyapiga mabati. Maji yakaanza kuruka ndani na kutapakaa kwenye vioo. Kinyozi akaenda kuufunga mlango wa barabarani. Duka likabaki na mwanga wa kijivu wa dirisha moja dogo, harufu ya spiriti na poda, na watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kutoka.

Maana mlango wa pili, ule wa nyuma, haukuwa njia. Ulikuwa unaingia moja kwa moja sebuleni kwa Mama Mkwe. Duka lile lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kama vile chumba cha kulala cha Kadogo na Kinyozi kilivyokuwa chumba cha kati cha nyumba yake, na ukuta uliowatenganisha naye ulikuwa mbao nyembamba zilizopakwa chokaa. Saa hii Mama Mkwe alikuwa humo ndani na Toto, mtoto wao, mgongoni, na akikohoa unamsikia.

"Samahani sana, kaka," Kinyozi alimwambia mteja. "Umeme utarudi sasa hivi tu."

"Mimi nitaenda wapi hivi?" Bwana Harusi alijibu, akijionyesha kichwa. Akachukua bango la bei za mitindo, akaanza kulisoma kama mtu anayesomea mtihani.

Kadogo alimvuta mumewe hadi kwenye kona ya ndoo ya taulo. Alisema kwa kunong'ona, lakini mnong'ono wa mtu mwenye hasira una tabia ya kufika mbali.

"Leo ni Jumamosi. Zahanati inafungwa saa sita. Kesho hawafungui. Vidonge vile vya dharura vina siku chache tu, na kila unavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua. Wifi mwenyewe aliniambia."

"Si uende duka la dawa?"

"Nimetoka huko. La kwanza vimekwisha. La pili anauza yule mama wa kikundi cha mama yako. Akaniuliza, 'Nikupe nini, mwanangu?' Nimenunua plasta." Akaufungua mkono, plasta hiyo hapo, imelowa.

Kinyozi alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha.

Hofu aliyokuwa nayo Kadogo haikuwa ya kujidekeza. Alipomzaa Toto presha ilimpanda hadi akawa anaona watu wawili wawili. Alipasuliwa, akatoka damu nyingi, na kwa muda fulani madaktari walikuwa wanakimbia badala ya kutembea. Baadaye daktari aliwaita wote wawili akawaambia wazi: kwa mshono huu na presha hii, msitafute mimba nyingine kabla ya miaka miwili, na hata hapo mje kwanza tuzungumze. Kinyozi alilia siku ile, akamshika mkewe mkono na kusema kamwe, kamwe. Toto sasa hata kusimama bado anashikilia viti. Na jana usiku kondomu ilipasuka.

"Basi nenda," Kinyozi alisema. "Unamjua dada, anakujua. Mimi na kazi hii…"

"Hataki kuniona peke yangu."

"Nani kasema?"

"Yeye. Baada ya yale ya sindano. Alisema, 'Usije tena peke yako. Mlete kaka yangu aseme kwa mdomo wake kwamba anajua.'"

Muuguzi hapaswi kumwambia mteja wake maneno kama hayo, na Wifi alijua hivyo. Lakini sare anaivua jioni, udada hauvui. Yeye ndiye aliyemchoma Kadogo sindano ya miezi mitatu. Sindano ikamletea Kadogo damu ya matone isiyokatika, wiki baada ya wiki, na katika nyumba yenye kamba moja ya kuanikia nguo jambo hilo halifichiki. Mama Mkwe alimbana binti yake maswali. Binti, hodari wa kila kitu isipokuwa kumdanganya mama yake, akasema. Jioni ile wakaitwa sebuleni. Mama Mkwe akamwuliza mwanawe, "Unajua mkeo anachomwa nini huko kuzuia wajukuu zangu?" Na Kinyozi, ambaye alimsindikiza Kadogo kwa miguu yake hadi njia panda siku ya sindano, alilitazama zulia akasema, "Sijui, mama."

Maneno mawili. Kadogo alikuwa amekaa nayo tangu siku hiyo. Anashona kola za sare za shule, yapo. Anamnyonyesha Toto, yapo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyepasua?" Kinyozi aliuliza, sauti ikianza kupanda. "Ulisema nitumie, nimetumia. Zilikuwa mpya. Nimeziweka vizuri kabisa kwenye droo yangu."

"Droo gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Droo ilikuwa chini ya dirisha, pale ambapo jua la mchana huichoma hadi mafuta ya nywele yanayeyuka yenyewe.

"Pale?" Kadogo alisema. "Kwenye joto lile?"

"Sasa niziweke wapi? Chumbani? Mama anaingia kufagia." Akajikuna shingo. "Halafu jana niliongezea mafuta kidogo. Nilitaka usiumie."

"Mafuta gani?"

Macho ya Kinyozi yalikwenda yenyewe kwenye rafu. Macho ya Kadogo yakafuata. Kule kwenye kiti, bango la bei likashuka na macho ya Bwana Harusi yakafuata pia. Chupa ya mafuta ya nywele ilikuwa imekaa pale kwa amani yake, kando ya kipulizio cha poda chenye tumbo la mpira.

Kinyozi akakinyanyua kipulizio. Kilikuwa cha tatu mwaka ule. Vile viwili vya kwanza mpira wake ulilegea na kutoboka, kwa sababu vidole vyake havikauki mafuta, na alikuwa amewaeleza wateja jambo hilo mara nyingi, kwa ufundi mwingi, huku akilaumu viwanda. Hata hiki kilikuwa kimeshaanza kunata. Alikiminya, kipande cha mpira kikamgandia kidoleni.

"Mafuta yanakula mpira," alisema polepole.

"Unajua," Kadogo alisema.

"Najua. Mimi ndiye ninayewaambia watu."

Kicheko kilimpanda Kadogo kifuani, kikakutana na kilio njiani, na kilichotoka hakikuwa kimojawapo. Akafunika mdomo kwa mtandio uliolowa. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda kwa namna ya kumkera, na muda huo huo angeweza kumpiga kwa ile ndoo.

"Samahani, kaka," Bwana Harusi alisema kutoka kitini. "Kwa hiyo mafuta hayafai?"

"Hayafai," walijibu pamoja.

"Kuna vilainishi vya maji, vya kazi hiyo," Kadogo aliongeza. "Uliza muuguzi. Usiulize kinyozi."

"Asante, shemeji. Lakini sisi hatutahangaika huko. Tumekubaliana mwenzangu atumie vidonge."

Kadogo aligeuka akamtazama vizuri. Kijana wa watu, uso mzuri, nusu ya kichwa tayari kwa ndoa. "Mmekubaliana, au umemwambia?"

Bwana Harusi akalitazama tena bango la bei.

"Nikuambie, shemeji," Kadogo alisema, na sasa alikuwa ameacha kunong'ona, "maana umeshasikia mengi, malizia. Vidonge ni vizuri kwa yule vinayemfaa. Mimi vya kwanza vilinipandisha presha, wifi akanikataza siku hiyo hiyo. Akanipa vya aina nyingine, vya mwenye presha anayenyonyesha. Hivyo unavimeza saa ile ile kila siku, hupitishi. Nikavificha kwenye droo ya cherehani chini ya bobini za uzi. Sasa saa ile ikifika mama mkwe yuko hapo hapo anapanga vifungo, nami nasubiri aondoke. Leo saa moja, kesho saa tatu, keshokutwa nimesahau. Kidonge hakina kosa. Kosa ni kukimeza kama mwizi."

"Ndipo nikasema sindano," Kinyozi alisema.

"Ndipo tukasema sindano. Ile huhitaji kukumbuka kila siku, na hakuna pakiti ya kuficha. Kuna wanawake inawapenda, hata hedhi hawaioni na wanafurahi. Mimi ikanifungulia bomba. Kijiti nacho wifi alinieleza, wanakupachika hapa mkononi, miaka mitatu na zaidi umesahau. Ningekitaka. Lakini mama kila asubuhi ananishika hapa hapa akinifunga mtoto mgongoni."

"Na kuhesabu siku?" Bwana Harusi aliuliza. Alikuwa ameliweka bango chini kabisa.

"Baada ya sindano ile nihesabu siku gani? Zenyewe hazinijui."

"Na mtu si anaweza tu…" Bwana Harusi alifanya ishara ya mkono, ya kitu kinachorudi nyuma kwa adabu.

"Hiyo ndiyo iliyotupa Toto," Kinyozi alisema.

Wote watatu wakacheka. Upande wa pili wa mlango Mama Mkwe alikohoa, na kicheko kikakatika pale pale. Kadogo aliyahisi mabega yake yakipanda kuelekea masikioni kama yanavyofanya kila siku katika nyumba hii. Hata kucheka kulihitaji kibali.

Bwana Harusi alishusha sauti. "Na sisi wanaume? Zaidi ya hizo za mpira hatuna?"

"Mnafungwa," Kadogo alisema. "Operesheni ndogo, ndogo kuliko ya mwanamke, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini ni ya kudumu. Ya watu waliokwisha kuzaa na kuridhika."

Wanaume wawili wakabana magoti kwa wakati mmoja.

"Angalia," Kadogo alisema, akamgeukia mumewe. Sauti yake haikuwa na hasira tena na hilo lilimtisha Kinyozi zaidi. "Kuitaja tu mmekunja miguu. Mimi nimeshachanwa, nimeshachomwa, nimemeza, nimetoka damu, nimeumwa kichwa. Wewe katika yote hayo umetoa nini?"

"Nimevaa," alisema.

"Mara ngapi? Na mara zote unanuna kama mtoto anayevalishwa sweta. Ungekuwa unavaa vizuri ungenikinga mimba na maradhi pia, na presha yangu haiguswi. Hakuna kitu rahisi kwangu kuliko hicho. Lakini kinahitaji wewe utake."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Alikuwa mrefu, na alipoinama hivyo Kadogo aliona ule mstari mwembamba wa nywele shingoni kwake ambao hakuna kinyozi anayeweza kujinyoa mwenyewe. Kila Jumapili yeye Kadogo ndiye aliyemsafisha pale, kwa wembe, kwa mkono wake. Alitamani kuuweka mkono pale sasa. Hakuuweka.

"Kwa hiyo leo ni vile vidonge vya dharura," Kinyozi alisema.

"Vidonge, au kitanzi. Wifi alisema kile cha shaba kikiwekwa mapema baada ya ajali kama hii kinazuia hii, halafu kinabaki kinazuia na nyingine, miaka mingi. Hakina dawa ndani ya kupandisha presha. Mwanzoni hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo likauma. Nimefikiria njia nzima. Nakitaka."

"Basi si vizuri?"

"Naogopa."

"Unaogopa kitauma?"

"Naogopa kulala pale kitandani, miguu juu, huku wewe uko nje ya geti unasema hujui."

Mvua ilikuwa bado inashuka, na dirisha lilikuwa limeingiwa na ukungu hadi huoni barabara. Kadogo alijisikia kama duka lile limepungua, kuta zimesogea. Huku mlango wa maji, kule mlango wa Mama Mkwe, na katikati mwili wake mwenyewe ambao kila mtu alikuwa na madai juu yake.

"Mama atanitoa," Kinyozi alisema mwishowe. Alisema akiuangalia mkono wake uliogandwa na mpira. "Unaona hiki kiti? Alikinunua yeye. Vioo, yeye. Nikisimama mbele yake ulimi unakufa, Kadogo. Sijui kwa nini. Nina ndevu, nina mtoto, watu wananiita bosi, lakini akiniuliza kitu natafuta jibu analolitaka yeye. Siku ile ya zulia nilitaka kusema. Nilisikia mdomo unasema kitu kingine."

Kadogo hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Alimwonea huruma, na huruma ile ikamkasirisha, kwa sababu ilikuja kumwomba asubiri tena.

"Najua unamwogopa," alisema. "Nami namwogopa. Lakini wewe ukimwogopa unapoteza kiti. Mimi ukimwogopa nitarudi kwenye kile chumba cha upasuaji, na safari hii unaweza kutoka na mtoto bila mimi. Usiponisindikiza leo sitapiga kelele. Nitamchukua Toto, nitarudi kwetu. Sitaki. Nikiwaza kukuacha sina raha mwilini hata kidogo, nakupenda kiasi hicho. Ila siwezi kuendelea kulala na mtu ambaye usiku ni mume wangu na mchana hanijui."

Bwana Harusi aliyatazama mapaja yake. Kinyozi alimtazama mkewe. Akanyoosha mkono kumfuta maji kwenye shavu, na huenda angesema kitu, lakini umeme ukarudi.

Ulirudi kwa kishindo. Taa ikawaka usoni mwao, na mashine iliyosahauliwa mezani ikaanza kunguruma na kucheza ikielekea ukingoni. Kinyozi aliidaka. Nje mvua nayo ilikuwa imechoka, ikawa manyunyu. Na kila kitu kikarudi mahali pake: kinyozi ana mashine mkononi, mteja yuko kitini, harusi ni alasiri. Kadogo aliliona jambo hilo likimshika mumewe mikono. Akajua atasema "tangulia, nakuja". Alikuwa ameshaanza kujifunga mtandio.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Umeme umerudi, mbona sisikii kazi?" Mama Mkwe alisema. Toto alikuwa mgongoni kwake, amelala, shavu limebonyea. Macho ya mama yalimpita mteja, yakamfikia Kadogo, yakashuka kwenye viatu vyake vilivyolowa na kupanda hadi kwenye mkoba uliokuwa begani. "Na wewe nilidhani uko kwenye cherehani. Unatoka tena?"

"Nilikuwa, mama…" Uongo ulikuwa tayari kinywani, uongo wa uzi mweupe uliokwisha.

"Kwa wifi yako," Mama Mkwe alimalizia. Hakupaza sauti. Hakuwa na desturi ya kupaza sauti. "Si nilisema yale mambo yamekwisha? Hebu mwanangu, nielezee. Safari hii ya nani?"

Kadogo hakumtazama mama mkwe. Alitazama kiooni, kwenye uso wa mumewe, kwa sababu usoni pa Kinyozi mambo huonekana kabla hayajasemwa. Aliona macho yakishuka. Yalikuwa yanatafuta zulia. Dukani hakukuwa na zulia, palikuwa na sakafu iliyojaa nywele za watu.

Kinyozi akazima mashine.

"Yangu, mama," alisema.

"Yako nini?"

"Safari. Anayekwenda kwa dada ni mimi. Huyu ananisindikiza."

Sauti yake ilikuwa nyembamba, si sauti ya bosi. Alikohoa, akaendelea, haraka, kama mtu anayeshusha mzigo kabla haujamwangusha. "Tunakwenda kupanga uzazi. Jana nimeharibu mimi, kwa mikono yangu. Na ile sindano nilijua, mama. Tulikubaliana wote wawili. Nilimsindikiza mpaka njia panda, halafu nikakaa mbele yako nikakuambia sijui. Nilikudanganya, na huyu akabeba peke yake."

Mkono wa Mama Mkwe ulikwenda nyuma ukampapasa Toto, ingawa Toto hakuwa amelia.

"Mimi nilizika wawili kabla yako," alisema. "Nilitaka nyumba hii ijae. Hilo ndilo kosa langu?"

"Si kosa, mama."

"Basi?"

"Daktari alisema anaweza asirudi. Nilikuwepo. Nyumba ijae halafu huyu hayupo, mimi nitakaa humo na nani?"

Mama Mkwe alimtazama Kadogo kwa muda mrefu, na katika macho yale Kadogo aliona uchungu wa kweli, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kama angeona chuki. Halafu mama akaifungua mbeleko, akamshusha Toto, akamweka mikononi mwa mwanawe.

"Mchukue na huyu. Kama mambo ni yako, yawe yako yote."

Aliingia ndani. Mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa, halafu wakasikia komeo likipita upande wa pili. Lilikuwa komeo ambalo halijawahi kutumika mchana, na lilipita kwa shida.

Toto aliamka, akaiangalia taa, akaushika mpira wa kipulizio uliokuwa bado umegandia kidole cha baba yake.

"Nendeni," Bwana Harusi alisema. Alikuwa ameshautoa mkono mmoja nje ya shuka, na simu mkononi. "Zahanati inafungwa. Mimi harusi ni saa tisa, bila bwana harusi hawaanzi. Hivi nilivyo siwezi hata kutoroka." Akabonyeza simu, akaiweka kwenye sikio la upande ulionyolewa. "Ngoja nimwulize mwenzangu kama kweli tulikubaliana."

Kinyozi alivua koti lake jeupe, akamfunika nalo Toto. Wakatoka. Mtaa ulikuwa unatiririka maji mekundu na watu walikuwa wanatoka vibarazani kuangalia mvua ilivyoharibu. Muuza plasta alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliwaona, na hakuona haya kuendelea kuwaona.

Kadogo alitembea hatua kadhaa kabla ya kugundua kwamba mumewe hayupo kando yake. Aligeuka. Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya duka, mtoto kifuani, midomo imemkauka. Hawakuwa na chumba tena, na huenda kesho hawangekuwa na kiti. Kadogo alirudi hadi alipokuwa, akaona mkono wake mmoja ukivuta na kuvuta tena koti juu ya Toto, mkono ule ule ambao watu huuamini na wembe shingoni.

"Umesikia komeo?" Kinyozi aliuliza.

"Nimesikia."

"Twende kabla sijaogopa."

"Mimi nimeogopa mwaka mzima," Kadogo alisema, akaukaza mkoba wake begani na kumshika mkono ule, mbele ya mtaa wote. "Twende hivyo hivyo."